Kitovu cha Tatu

Jengo lilikuwa limekwisha kubandikwa. Kwenye ghorofa ya saba kila mlango ulivaa ukanda wa karatasi nyeupe wenye muhuri mwekundu, umegandishwa kutoka ubao hadi fremu, ili atakayefungua ajulikane. Chuo kilifanya hivyo kila mwaka kabla ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Mafriji yasiyo ya lazima yanazimwa, mitungi ya gesi inafungwa, lifti inasimamishwa, wanafunzi wanaburuta masanduku yao kwenda kituo cha treni, na jiji la Changsha linabaki na wale waliokosa njia ya kwenda kwao, au waliokosa kwao penyewe.

Mlango mmoja tu haukubandikwa kitu. Nyuma yake alikuwa Tan Yaqiu, amevaa koti la maabara juu ya jaketi zito, maana baridi ya jimbo la Hunan haina adabu. Inaingia ndani ya nyumba na kukaa kama mwenyeji.

"Seli haziendi likizo," ndivyo alivyomjibu kila aliyemuuliza. Wenzake walimwonea huruma. Wadogo zake wa maabara, waliomwita dada mkubwa ingawa hakuna aliyezaliwa naye, walimwachia peremende na machungwa mezani. "Pole, dada mkubwa, mwaka huu tena!" wakamwambia, kisha wakakimbilia treni zao wakicheka. Aliwapungia mkono mpaka wakapotelea kwenye ngazi. Hakuna aliyejua kwamba walipopotea alishusha pumzi kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Asubuhi ile mama yake alikuwa amepiga simu kutoka Dongguan, nyumbani kwa kaka yake Yaqiu.

"Huji?"

"Siji, mama. Seli bado changa. Nikiziacha bila chakula zinakufa."

"Mm." Nyuma ya sauti ya mama ilisikika sauti ya wifi ikiuliza sufuria kubwa imewekwa wapi. "Basi hizo seli zina bahati. Zina mtu wa kukaa nazo."

"Mama, jamani."

"Nimesema tu. Kula vizuri."

Hakuna kati yao aliyetaja kochi. Mwaka juzi Yaqiu alilala kwenye kochi la sebuleni, na kila alfajiri wifi alipita akiiruka miguu yake huku akisema "usijali, usijali", kwa sauti ya mtu anayejali sana. Nyumba ya kwao hasa haikuwepo. Kijiji kizima kilifunikwa na bwawa la umeme Yaqiu akiwa shule ya msingi, na baba yake alifariki kabla hajazoea ukuta wa nyumba waliyopewa badala yake. Kwa hiyo seli zilikuwa kazi, na pia zilikuwa jibu. Mtu mwenye seli za kulisha haulizwi kwa nini haendi kwao.

Na kazi yenyewe ilikuwa hii. Ndani ya kila mshipa wa damu kuna utando mwembamba, safu moja tu ya seli zilizopangana bega kwa bega kama vigae, na damu hupita juu yake maisha yote ya mtu. Kolesteroli ikikaa mwilini mpaka ikachacha, kama mafuta ya kupikia yaliyosahauliwa juani, huushambulia utando huo. Seli huvimba, huachana mikono, hufa. Na pale zinapong'oka ndipo mshipa unapoanza kuziba. Profesa Kuang, ambaye wanafunzi wake walimwita Bosi mbele yake na nyuma yake, alikuwa ametoa dutu fulani kwenye majani ya yungiyungi. Miaka mitano Yaqiu amekuwa akiuliza swali moja: seli zikipewa dutu hiyo kwanza, kisha zikamwagiwa mafuta yaliyochacha, zitapona?

Seli za kujaribia zilitoka kwenye vitovu vya watoto. Mama akijifungua, akikubali, nesi hukata kitovu na kukitia kwenye chupa ya maji ya chumvi, na Yaqiu hupanda baiskeli ya umeme kukifuata. Katikati ya kitovu kuna mshipa mpana ambao utando wake haujaona ubaya wowote duniani. Huuosha mshipa, hutia ndani kimeng'enya cha kuzing'oa seli, hufunga ncha zote mbili, husubiri kidogo, kisha hufungua na seli humiminika zikiwa hai, zikalelewe kwenye chupa bapa.

Kitovu cha kwanza kilijibu ndiyo. Cha pili kilijibu ndiyo. Jarida likasema bado, kinatakiwa kitovu cha tatu, cha mtoto mwingine, ndipo mtu aamini. Bosi naye akasema bila cha tatu hakuna makala, na bila makala hakuna kuhitimu mwaka huu. Tangu hapo Yaqiu alikuwa na mkosi. Kimoja kiliota ukungu. Kingine seli zake hazikushika chupa. Kingine kilichelewa njiani kwa sababu ya mvua ya barafu. Halafu, siku nne kabla ya hapo, kikaja hiki, kinene, cheupe, kimesokotwa vizuri kama kamba ya meli, na seli zake zikashika siku hiyohiyo. Sasa zilikuwa zimefunika nusu ya chupa. Siku ya mwaka mpya zingekuwa zimejaa, naye angeanza.

Alikuwa amezitoa kuzitazama kwenye hadubini, akizisemesha kidogo kama alivyozoea, simu ya ukutani ilipolia. Alikuwa Mzee Liao, mlinzi wa mlango wa chini.

"Daktari, una mgeni."

"Mimi? Sina mgeni."

"Basi umepata. Bibi mmoja. Ana kuku."

"Kuku wa kupikwa?"

"Wa kunitukana. Yuko hai. Nimemwambia bibi, kuku haingii chuo. Ananijibu wameshaingia wengi humu wenye akili ndogo kuliko kuku. Njoo umchukue kabla sijaacha kazi."

Yaqiu alizirudisha seli kwenye kabati la joto, akashuka mbio, lakini walikutana ghorofa ya nne. Yule bibi alikuwa hakungoja ruhusa. Alikuwa mfupi, kitambaa cheusi kimezungushwa kichwani kwa mtindo wa watu wa milima ya magharibi, na mgongoni kikapu kirefu ambamo kichwa cha kuku mwekundu kilichomoza na kutazama huku na huku kama mkaguzi.

"Wewe ndiye binti wa vitovu?" aliuliza huku akihema.

"Mimi ni Tan, bibi. Nikusaidie kikapu."

"Kikapu changu kinanijua. Twende."

Ofisini alimtoa kuku, akamfunga mguu kwenye mguu wa meza ya Yaqiu bila kuomba, kisha akakaa. Alijitambulisha kuwa ni Bibi Xiang, bibi wa mtoto aliyezaliwa wiki ile, "bibi wa upande wa baba", alisema akilikazia neno la mwisho kama mtu anayedai kiti chake. Mtoto ni wa kike, ana nywele nyingi. Mama yake yuko ndani, hatatoka mwezi mzima, na kwenye ile nyumba ndogo ya mjini tayari yuko bibi mwingine, wa upande wa mama, aliyetangulia kufika.

"Bibi wawili, jiko moja," alisema Bibi Xiang. "Mwenzangu kashika mwiko, haachii. Nimemleta kuku huyu nimemlea mwenyewe, wa kumpikia mkwe wangu supu. Mwenzangu ananiambia, dada, kuku wa kijijini wana wadudu, sisi tunanunua wa dukani, wana cheti. Kuku ana cheti! Mwanangu anasikia, anatazama simu. Nikasema haya. Narudi zangu, na kuku wangu."

"Pole, bibi."

"Sijaja kupewa pole." Alitoa chungu kidogo kutoka kwenye kikapu, akafunua kitambaa. Ndani lilikuwa kondo la nyuma, limetiwa chumvi na majivu. "Hili nilipewa hospitali, nikazike. Jana nalifungua kulitia chumvi, naona nini? Tazama. Kitovu kimekatwa, kimebaki kikonyo. Kama boga lililochumwa na mwizi. Namuuliza mkwe, ananiambia, mama, nilitia saini, ni kwa ajili ya utafiti. Namuuliza nesi Ouyang, anasema kiko kwa binti wa ghorofa ya saba." Alifunika chungu. "Nimekuja kukichukua. Basi langu linaondoka mchana."

Yaqiu alikaa mbele yake. Alisema, kwa upole wote alioweza, kwamba aliyetia saini ni mama wa mtoto, na kwamba ni mama peke yake anayeweza kubadili. Bibi Xiang hakubishana. Alitoa simu, akaibonyeza kwa kidole gumba kama anayeponda kitunguu saumu, na sauti ya mwanamke kijana, mkwe wake, ikatoka, imechoka, mtoto analia nyuma yake: "Dada wa maabara, samahani sana. Mpe mama tu. Hajala tangu jana."

Basi. Kanuni aliijua, na yeye mwenyewe ndiye huwasomea akina mama wodini: unaweza kubadili nia wakati wowote, bila kutoa sababu. Miaka yote hakuna aliyewahi kubadili.

Alikwenda kwenye friji. Kitovu chenyewe bado kilikuwemo, ndani ya chupa ya maji ya chumvi, kwa sababu gari la taka za hospitali lisingepita mpaka baada ya sikukuu. Alikileta. Bibi Xiang alinawa mikono kwenye sinki, akaipangusa, akakipokea kwa viganja viwili. Alikitazama muda mrefu. Kilikuwa chepesi sasa, kimelegea.

"Baba yake, cha kwake nilikizika mwenyewe, chini ya jiwe la kizingiti," alisema. "Kwa hiyo huwa anarudi. Anachukia, ananung'unika, mtandao hakuna, choo baridi, lakini anarudi. Huyu wa kike amezaliwa humu kwenye maghorofa. Watahama kesho waende Shenzhen, keshokutwa sijui wapi. Akiwa mkubwa akiulizwa kwao ni wapi, aseme nini? Namba ya mlango?" Alikilaza kitovu juu ya kondo, akakizungusha taratibu, akafunika. Uso wake ulilainika. "Haya. Sasa ametimia."

Alisimama. Alianza kumfungua kuku.

Hapo ndipo ilipokuwa rahisi kabisa kunyamaza. Kitovu kimedaiwa, kitovu kimetolewa. Bibi ameridhika, mkwe ameridhika. Nyuma ya mlango wa vioo, kwenye kabati la joto, chupa moja bapa ilikuwa imelala gizani na chakula chake, maji ya rangi ya waridi, na ndani yake kulikuwa na makala, na kuhitimu, na sababu ya kuwa hapa mwaka mpya badala ya kochini. Hakuna ambaye angejua. Yaqiu aliyasikia maneno yale yakizunguka kichwani. Sasa ametimia.

"Hajatimia, bibi," alisema.

Mkono wa Bibi Xiang ukasimama kwenye fundo la kamba. "Unasema?"

"Kuna sehemu nimeitoa. Iko chumba cha pili. Iko hai."

Bibi alimtazama kama anayepima kama huyu binti ni mzima. "Hai vipi?"

Ikabidi amwonyeshe. Alimvisha koti jeupe lililomfika vifundoni, kofia ya karatasi juu ya kile kitambaa cheusi, na vifuniko vya viatu. Kuku alibaki ofisini akilalamika. Yaqiu alifungua kabati la joto, akaitoa ile chupa, akaiweka kwenye hadubini na kumsaidia bibi kusogeza jicho.

"Sioni kitu. Naona kope zangu."

"Rudi nyuma kidogo, bibi. Hapo."

Bibi Xiang aliinama zaidi. Mashine ya hewa ilivuma. Ofisini kuku naye alitulia.

"Hivi vigae?"

"Ndiyo. Kila kimoja ni seli. Zilikuwa zimetanda ndani ya mshipa wa kitovu, sasa zimetanda hapa."

"Zinafanya nini?"

"Zinakaa tu. Zinatafutana. Zikiwa mbalimbali hazina raha. Zikigusana ndipo zinatulia."

"Na zote ni yeye?"

"Zote ni yeye."

"Mm." Bibi hakuondoa jicho. "Unazilisha?"

"Kila baada ya siku moja. Ndiyo maana siendi nyumbani."

"Halafu ukishazilisha, utazifanyia nini?"

Yaqiu angeweza kusema *utafiti*, kama alivyosema mkwe. Neno hilo linafunika mengi. Lakini alikuwa ameshaanza kusema kweli, na aliona haya kuishia katikati.

"Nitazigawa makundi. Kundi moja nitalipatia dawa kwanza. Kisha zote nitazimwagia mafuta yaliyochacha, yale yanayoharibu mishipa ya watu. Nione zipi zinakufa na zipi zinapona."

Bibi Xiang aliinua kichwa. Kofia ya karatasi ilikuwa imempanda upande mmoja.

"Siku ya mwaka mpya," alisema, "utammwagia mjukuu wangu mafuta yaliyochacha."

"Siyo yeye, bibi. Ni seli."

"Umeniambia sasa hivi zote ni yeye."

Yaqiu alimsogezea kigoda. Bibi alijishikiza kwenye ukingo wa meza, akakaa juu ya kigoda.

"Mzee wangu alikufa kwa mishipa," alisema. "Alikuwa analamba mafuta ya nguruwe kwa kijiko, anasema ndiyo nguvu ya kupandia mlima. Siku hiyo kapanda, kashuka amebebwa. Hiyo dawa yako ingemfaa?"

"Sijui. Labda. Ndicho ninachotafuta. Vitovu viwili vimekubali, hiki ni cha tatu." Alijisikia akiomba, na sauti yake ikamkera. "Bila cha tatu hakuna atakayeniamini."

"Kwa hiyo unakihitaji sana."

"Sana, bibi."

Bibi Xiang aliitikia kwa kichwa taratibu, kama anayekubali kwamba hilo ni jambo zito, na Yaqiu akaanza kutumaini.

"Dawa ni njema," alisema bibi. "Itafute. Nakuombea uipate. Lakini tafuta kwa mwingine, binti yangu. Wewe wa kwako wako watatu, wanne, watakuja wengine. Mimi wa kwangu ni huyu mmoja, na hapa mjini hata kumshika nimemshika mara moja. Nipe vyote."

Hakukuwa na hasira ndani yake. Ndiyo maana hakukuwa na la kubishia.

"Nikizitoa kwenye joto zitakufa kabla hujafika kituo cha basi."

"Kondo nalo limekufa. Vya kuzikwa vinazikwa. Ila sizitaki na hiyo chupa. Plastiki haiozi, atakaa humo kama samaki wa dukani."

Yaqiu alisimama akiitazama chupa. Kisha akasema, "Niachie hicho chungu. Subiri nje ya kioo."

Alikitoa kitovu kwenye chungu, akakiosha majivu, akakilaza kwenye sinia. Alivaa glavu mpya. Alimwaga maji ya waridi, akatia kimeng'enya kwenye chupa, akaipigapiga ubavuni kwa kiganja. Chini ya hadubini vigae viliachana kimoja kimoja, vikawa viduara, vikaanza kuelea. Alizivuta zote kwenye bomba la sindano. Bombani zilikuwa ukungu tu, kama maji yaliyooshea mchele.

Chupa ilionekana tupu, lakini alijua haikuwa tupu. Zilibaki chache kwenye pembe, hubaki daima. Akizitia chakula na kuzirudisha gizani, baada ya wiki mbili zitakuwa zimejaa tena. Na bibi mwenyewe atakuwa ameshazika, ameshasahau. Aliishika ile chupa kwenye mwanga. Ng'ambo ya kioo Bibi Xiang hakuwa akimchunga hata kidogo. Alikuwa amegeuka, anamchungulia kuku wake kupitia mlango wa ofisi.

Yaqiu aliiosha chupa, akavuta. Akaiosha tena, akavuta.

Halafu akafanya jambo ambalo katika miaka yake yote ya kazi ile hakuwahi kulifanya wala kusikia limefanywa. Alifunga ncha moja ya kitovu kwa uzi wa hospitali, akaingiza sindano kwenye mshipa kutoka ncha ya pili, palepale alipozitolea, na kuzirudisha. Mshipa ulijaa taratibu. Kile kitovu kilicholegea kikanyooka kidogo, kikapata unene. Alichomoa sindano, akaifunga ncha ya pili, akakaza fundo kwa upole. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa, na hilo lilimshangaza, kwa sababu glavu zilikuwa zinalowa matone kutoka juu, na matone hayo yalitoka machoni mwake.

Alipotoka, Bibi Xiang alikipapasa kitovu kwa kidole, akausikia uzito wake.

"Zote?"

"Zote."

Bibi aliamini mara moja, na hilo liliuma kuliko kushukiwa. Alifunga chungu, akakitumbukiza kwenye kikapu, akakizungushia nguo. Aliuliza, huku amemgeuzia mgongo, "Kwenu wapi?"

"Chini ya maji, bibi. Bwawa."

"Aa." Alielewa, milima ile ina mabwawa mengi. "Na chako kilizikwa huko?"

"Nyuma ya zizi la nguruwe, walisema. Sasa watalii wanapita juu yake na boti."

Bibi Xiang alicheka kwa pua, kicheko kifupi, kisha akakoma. "Twende wote," alisema. "Nyumba yangu ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Nyama iko juu ya moshi tangu mwezi uliopita. Utanisaidia kuchimba, ardhi imekaza, na mgongo wangu siyo wa zamani. Ukichoka na mimi, basi liko kila asubuhi."

Wala hakusema kwa kuona huruma. Alisema kama mtu anayehitaji mchimbaji. Yaqiu aliona kila kitu kwa mpigo mmoja, moto, vyumba vitatu, moshi kwenye nywele, jembe. Na mdomo wake, ambao asubuhi nzima ulikuwa umesema kweli zilizomgharimu, ukajibu peke yake, kwa mazoea:

"Nashukuru, bibi. Siwezi. Nina seli nyingine za kulisha."

Bibi Xiang alimtazama. Dakika chache zilizopita alikuwa amesimama mbele ya lile kabati la joto likiwa wazi, na macho yake yalikuwa mazima. Alikuwa ameona rafu zake, na chupa moja tu juu yake.

Alivaa kikapu, akarekebisha mikanda, akaenda mlangoni. Kuku alibaki amefungwa kwenye mguu wa meza.

"Bibi, kuku wako."

"Dereva alinigombeza tulipokuja. Mwache hapa. Naye anataka kulishwa," alisema Bibi Xiang, akaanza kushuka ngazi, akihesabu kila moja kwa mguno.

Siku ya mkesha mvua nyembamba ilinyesha tangu alfajiri. Yaqiu alimpa kuku mchele na maji kwenye kifuniko cha sahani ya maabara. Alifagia alichokiacha kuku sakafuni. Aliandika ujumbe kwa Bosi kwamba mama wa mtoto amebadili nia na seli hazipo tena, naye Bosi akajibu kwa picha ya kikaragosi kinacholia, kisha akaandika: "Bahati mbaya. Basi nenda nyumbani ukapumzike." Akajibu, "Sawa, Bosi." Alifungua kabati la joto, akaongeza maji kwenye trei ya chini ili hewa isikauke, akafunga. Baadaye akagundua amefanya hivyo mara mbili. Kabati lilivuma kama siku zote, lina joto la mwili wa mtu, halina kitu.

Alasiri simu yake ililia. Alikuwa nesi Ouyang wa wodi ya wazazi, mwanamke wa sauti kubwa ambaye hakujua kuongea taratibu hata wagonjwa wakilala.

"Yaqiu! Nina mtoto hapa, wa kiume, kazaliwa sasa hivi, kitovu kama nyoka. Mama yake ameshakubali. Nikukatie?"

Yaqiu aliinuka. Alishika ufunguo wa baiskeli. Kisha akauweka.

"Dada Ouyang, bibi yake yupo?"

"Bibi wa nani?"

"Wa mtoto. Muulize na yeye. Kama wanazika, niambie. Waambie na nitakachozifanyia seli, usiseme utafiti tu. Sema zitamwagiwa mafuta mabaya."

"Mkesha wa mwaka mpya unataka nikaseme hivyo kwa watu?"

"Ndiyo, dada."

Nesi aliguna. "Yule bibi wa kuku kakuloga. Kwani zile seli zako nyingine si zipo? Hazitoshi?"

"Sina seli."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi unafanya nini huko juu peke yako?"

Yaqiu alifungua mdomo, na jibu la miaka yote halikuwepo. Chini ya meza kuku alijikung'uta, akatoa sauti ndefu ya kuridhika.

"Huyo ni kuku?" aliuliza nesi.

"Ni kuku."

Halafu sauti ya Ouyang ikarudi, ndogo kuliko alivyowahi kuisikia. "Ngoja hapohapo. Naenda kumuuliza bibi. Usikate simu, umesikia? Usikate."

Akaiweka simu juu ya kitu kigumu bila kuikata. Yaqiu aliibana sikioni kwa mikono miwili. Alisikia magurudumu ya kitanda, na mtu anaita maji ya moto, na wanawake wawili wanacheka jambo fulani mbali kwenye korido, na mtoto, labda yuleyule, anajaribu kilio chake kwa mara ya kwanza. Alikaa sakafuni karibu na kuku, mahali palipokuwa na joto kidogo, akasikiliza.